Kiti kilipata A, mlangoni kikakwama

Mota mbili za waipa za lori, za kuendeshea kiti mwendo changu, nilizinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa hela ya boom, posho ya mkopo wa chuo. Betri niliazima kwa mjomba aliyekuwa na daladala bovu, fremu nikachomelewa na fundi wa mageti jirani na hosteli, na kifimbo cha kuongozea nilikinyofoa kwenye rimoti ya gemu. Mwaka wa nne, uhandisi wa mitambo. Siku ya kutetea mradi walimu watano walisimama kunizunguka, nami nikakiendesha kile kiti mwendo cha umeme mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu ya sakafu ya marumaru iliyopigwa deki asubuhi ile. Mwalimu mmoja akauliza, "Kipya hapa ni nini?" Nilimjibu kwa dakika kumi. Nikapata A.

Wiki mbili baadaye tulikipakia kwenye kirikuu, tukakipeleka Vingunguti kwa mzee mmoja aliyepooza miguu baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya pili alikokuwa saidia fundi. Mkewe alishafagia uwanja, majirani wameshasogea, na mwenzetu mmoja alikuwa na kamera. Tulimwinua mzee tukamkalisha, akabonyeza kifimbo, kiti kikaenda hatua tatu kwenye mchanga kikaanza kujichimbia kaburi. Tukakiinua, tukakiweka kwenye kibaraza cha saruji, akaelekea ndani. Kikagota. Upana wa kiti ulikuwa sentimita 74. Mlango wake ulikuwa na 68.

Mzee alitutazama kwa upole ambao mpaka leo unaniwasha. "Wanangu, ahsanteni sana," akasema. "Sasa nilale nje mimi na kiti, au kiti kilale nje peke yake?"

Majirani walicheka, sisi tukacheka zaidi yao, maana aliyeumbuka hana namna nyingine. Mwezi haukuisha betri ikarudi kwa mjomba, na kiti kikawa kichanja cha ndoo za maji. Alama haikushuka hata moja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuishusha: katika fomu nzima ya tathmini, neno "mlango" halikuwemo, wala neno "mchanga", wala jina la yule mzee.

Tangu hapo, kila nikialikwa kwenye maonyesho ya wanafunzi wa uhandisi namkuta mdogo wangu yuleyule mwenye mradi uleule. Majina hubadilika. Kuna fimbo ya wasioona yenye sensa inayolia ikikaribia ukuta. Kuna glavu inayogeuza lugha ya alama kuwa sauti. Kuna kiti mwendo kinachoendeshwa kwa simu, ambacho mwenye nacho akipigiwa na shemeji yake sijui kitaelekea wapi. Wanafunzi wana akili na mikono, na wengine wana huruma ya kweli; wamekulia nyumba moja na dada kiziwi au babu aliyekatwa mguu kwa kisukari. Lakini mtihani unauliza kipya, nao wanaleta kipya. Mimi nadai tubadilishe swali la mtihani, na kulibadilisha maana yake ni kubadilisha anayeuliza, na siku anayouliza.

Chukueni hiyo glavu. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa University of Washington, Marekani, walipewa tuzo ya Lemelson-MIT kwa glavu walizoziita SignAloud. Zilisambaa dunia nzima kwa siku chache. Kisha walimu wa lugha ya alama wa chuo hichohicho wakaandika barua ya wazi kueleza kilichokosewa, na hoja yao kubwa kila kiziwi angeweza kuwaambia bure: lugha ya alama haikai vidoleni peke yake. Nyusi zikipanda, sentensi inakuwa swali. Kichwa kikitikiswa, sentensi imekanushwa. Mdomo, mabega, mahali mkono unapoanzia, vyote ni sarufi. Glavu inasikia mkono tu, sawa na mtu anayesikiliza Kiswahili kwa kuhesabu silabi. Tena tazameni nani anabebeshwa mzigo: kiziwi ndiye avae mtambo ili mimi ninayesikia nisihangaike kujifunza alama hata kumi. Kwa mizania hiyo kifaa kilisanifiwa kwa ajili yangu, na kiziwi ni mpagazi wake.

Hata hivyo sisemi sensa ni dhambi, na hapa lazima niwatendee haki wenye fimbo. Kule India, kwenye chuo cha IIT Delhi, wanafunzi wa shahada ya kwanza walianza katikati ya miaka ya 2000 mradi wa kufunga sensa ya mawimbi ya sauti kwenye fimbo nyeupe. Wakiwa na Profesa M. Balakrishnan walikwenda kwa wasioona wenyewe, na huko wakajifunza kitu ambacho mwenye macho hawezi kukiwaza akiwa mezani. Fimbo ya kawaida inafanya kazi yake vizuri sana kuanzia goti kwenda chini. Inaona shimo, inaona ngazi, inaona jiwe. Isichokiona ni kile kinachoning'inia: dirisha lililofunguliwa kwa nje, tawi, bodi ya lori lililoegeshwa. Asiyeona hupasuka kipaji cha uso huku fimbo yake ikimwambia njia ni nyeupe. Kwa hiyo hawakugusa kazi ya fimbo. Waliongeza kijisanduku juu ya mpini, kinachotazama kuanzia goti kwenda juu na kutetemesha mkono bila kupiga kelele, kwa sababu asiyeona anahitaji masikio yake kusikia barabara. SmartCane iliingia sokoni mwaka 2014. Hesabuni wenyewe imekaa miaka mingapi tangu ilipokuwa mradi wa darasani. Kwetu mradi huzaliwa Novemba na kuzikwa Julai, siku ya matokeo.

Kisa kinachonigusa zaidi kilianzia nchini kwetu. Mwaka 2005 kijana mmoja wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aitwaye Amos Winter alikuja Tanzania kutazama hali ya viti mwendo. Alikuta kile ambacho tunakipita kila siku: viti vya aina ya hospitali, vya kusukumwa na muuguzi kwenye korido, vimegawiwa kwa watu wanaoishi kwenye vilima na njia za mchanga. Vigurudumu vya mbele vinazama, mabega yanaumia, na kikivunjika hakuna spea. Upande wa pili kulikuwa na baiskeli za magurudumu matatu zinazopigwa pedali kwa mikono. Hizo zinakwenda mbali, lakini ni ndefu na nzito, haziingii ndani ya nyumba. Mtu alitakiwa achague kati ya barabara na chumba chake.

Jibu lake, baada ya kazi ya miaka kadhaa pamoja na wanafunzi wenzake, lilikuwa kiti cha nyenzo walichokiita Leveraged Freedom Chair. Ukielewa kinavyofanya kazi unaweza kupiga mbinja. Kila upande kuna wenzo mrefu uliounganishwa na gurudumu kwa cheni na frii ya baiskeli. Ukiushika juu, karibu na ncha, mkono unasafiri mbali kidogo lakini unapata nguvu kubwa ya kuzungusha. Hapo unapanda kilima au unajitoa kwenye tope. Ukiteremsha mkono ukashika chini, msukumo uleule unalizungusha gurudumu zaidi, na unakwenda kasi kwenye lami. Gia haimo kwenye mtambo. Gia ni mahali unaposhika. Ukizivuta nyenzo nyuma zinakuwa breki, na ukifika nyumbani unazichomoa, unasukuma magurudumu kwa viganja kama kiti kingine chochote. Sehemu zote zinazosogea zinatoka kwenye baiskeli, kwa hiyo fundi aliye chini ya mwembe anazifahamu kabla hajakiona kiti. Bei waliyoilenga ilikuwa kama dola 200.

Sasa subirini. Mwaka 2009 walileta viti vyao vya majaribio Afrika Mashariki, watu wakavitumia, na majibu yakarudi: kizito mno, karibu kilo 30, kipana mno, hakifai ndani ya nyumba. Mlango, jamani! Vijana wa chuo kinachosifika kwa uhandisi duniani kote walikwama palepale nilipokwama mimi na mota zangu za waipa. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Tofauti ilikuja baada ya hapo. Mimi nilikuwa nimeshapata A na koti la mahafali. Wao walirudi kwenye meza, wakapunguza kama kilo 9, wakakibana kiti kikawa chembamba, wakakipeleka Guatemala mwaka 2010, wakasikiliza tena, kisha India kwa ushirikiano na watu wa Jaipur Foot, shirika la miguu bandia la huko. Na humo chuoni kulikuwa na darasa zima, lilifundishwa mwaka 2009, la kusanifu viti mwendo kwa nchi zinazoendelea, ambamo mwanafunzi alianza kwa kujifunza mtu anakaaje kitini kabla ya kujifunza kiti kinatengenezwaje. Kama mtu ataniambia walifaulu kwa sababu ya hela za MIT, nitakubali nusu. Hela zilinunua tiketi za ndege. Lakini sisi hatukuhitaji ndege. Kutoka hosteli yetu hadi Vingunguti ni daladala mbili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa viti mwendo vya kusukuma kwa mikono kwa mazingira yenye uhaba. Ndani yake huduma ya kiti imegawanywa hatua 8. Mtu anaelekezwa na kupewa miadi, anapimwa, anaandikiwa kinachomfaa, fedha inatafutwa na kiti kinaagizwa, kinaandaliwa, anakalishwa na kurekebishiwa, anafundishwa kukitumia, kisha anafuatiliwa na kiti kinatengenezwa kikiharibika. Someni tena polepole. "Kubuni" haimo. Mradi wa mwanafunzi wetu unachezea hatua ya tano tu, saba zilizobaki hajui kama zipo, na kwenye hizo saba ndiko watu wanakoumia.

Nitatoa mfano mmoja, maana jambo hili halina picha nzuri ya kupiga, ndiyo sababu halisemwi. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia kwenye makalio. Mimi na wewe tukikaa kwenye benchi dakika ishirini tunajigeuza bila kujua, damu inarudi. Yeye mwili haumwambii kitu. Ngozi inabanwa kati ya mfupa na kiti mpaka inakufa, kidonda kinaanza ndani kabla hakijaonekana nje, na kidonda hicho kimeua watu wengi ambao ajali yenyewe ilishindwa kuwaua. Kinachokizuia ni mto. Mto uliokatwa kwa kipimo, wenye shimo au mteremko pale mifupa ya makalio inapokaa, na desturi ya kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi. Kiti changu cha A kilikuwa na kipande cha mbao chenye sponji ya inchi moja, juu yake ngozi bandia nyekundu, kwa sababu nyekundu inapendeza kwenye picha. Nilijua mkondo wa umeme wa kila mota kwa ampia. Sikujua kwamba nilikuwa namkalisha mtu juu ya kidonda.

Vivyo hivyo upana wa kiti. Mtu akipewa kilichomzidi nyonga, anaegemea upande mmoja, na kadiri muda unavyokwenda uti wa mgongo unaweza kupinda. Vipimo vya kwanza ambavyo mwanafunzi angepaswa kuvijua kwa moyo ni upana wa nyonga, urefu wa paja, na urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Moshi, katika viwanja vya hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na wanafunzi wanakuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza, kilianzisha pia mafunzo ya mafundi wa viti mwendo. Ujuzi huo upo nchini, chini ya Kilimanjaro. Katika miaka yangu minne ya uhandisi hakuna aliyetuambia.

Na hilo shirika la Motivation nalo lilizaliwa darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wawili wa Royal College of Art ya London, David Constantine na Simon Gue, walishinda shindano la kusanifu kiti mwendo kwa ajili ya nchi maskini. Constantine mwenyewe hutumia kiti mwendo. Alivunjika shingo akipiga mbizi. Vukeni bahari mwende Marekani mtamkuta Ralf Hotchkiss, aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966 akiwa mwanafunzi. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakuta vijana wenye ulemavu wanaokarabati viti vyao wenyewe, akakaa nao kama fundi na fundi. Baadaye, San Francisco State University, alifundisha wanafunzi kuchomelea viti. Gurudumu pana la mbele la mpira, lisilozama mchangani, ambalo lilikuja kusifika katika viti vyake, linaitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa sababu ndiko lilikotoka. Mnaona mwelekeo wa elimu hapo? Injinia anakwenda Zimbabwe kujifunza.

Tukiwa kwenye hilo, twende Jaipur, India. Mguu bandia uliotoka nchi za Magharibi ulikuwa mgumu, unataka kiatu, hauchuchumai. Kwa mtu anayelima tutani bila viatu, anayekaa mkekani kula, anayesujudu, anayetumia choo cha shimo, mguu wa namna hiyo ni wa kuendea mjini tu. Mwaka 1968 hivi, daktari P. K. Sethi na fundi sanaa Ram Chandra Sharma walitoa mguu wa mpira unaoweza kuchuchumaa na kutembea pekupeku kwenye maji. Sharma hakuwa na shule ya maana. Alikuwa na mikono iliyozoea kuchonga, na macho yaliyozoea kuona watu wanavyokaa. Daktari alijua mifupa; fundi alijua mpira. Wote wawili walikuwa wakitazama mgonjwa mmoja anayejaribu kukaa chini.

Najua walimu watanijibu nini, kwa kuwa nimeshajibiwa. Muhula una wiki kumi na tano. Mwalimu mmoja anasimamia miradi kumi na miwili, na mshahara ni uleule. Mtahini wa nje anataka kuona hesabu na michoro, na akiambiwa mwanafunzi "alirekebisha mto" atauliza uhandisi uko wapi. Halafu kuna hoja nzito kuliko zote: watu wenye ulemavu si panya wa maabara, na wengi wao wamechoka. Wamepimwa, wamehojiwa, wamepigwa picha na glavu, na kesho yake hakuna aliyepokea simu.

Hoja ya mwisho ni ya kweli, na dawa yake ni kuwalipa. Mzee wa Vingunguti anajua kuhusu viti mwendo mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha maktaba yetu. Akija kufundisha saa mbili, alipwe kama mwalimu wa muda, na nauli ya bajaji juu, kwa maana daladala hazimchukui. MIT wana somo jingine la teknolojia saidizi, ambalo marehemu Profesa Seth Teller alikuwa mmoja wa walimu wake, ambamo kila kikundi kinapewa mtu mmoja wa mji wa Boston mwenye tatizo moja analolitaja yeye, na wanakaa naye muhula mzima. Halianzi kwa wazo la mwanafunzi. Linaanza kwa mtu anayesema, "Hili linanisumbua kila asubuhi." Mara nyingi linalomsumbua ni dogo kiasi cha kumkera profesa: kushika kijiko, kufungua kitasa, kubeba chai bila kuimwaga.

Hoja ya muda nayo ina njia, tena kalenda yetu inatusaidia. Muhula wa kwanza unaisha Februari. Kifaa kitolewe hapo, kiende kwa mwenyewe, kipigwe na masika ya Machi mpaka Mei, kipite kwenye tope la Jangwani na chumvi ya Kigamboni, kisha Juni jopo liende likakitazame hukohuko kiliko. Theluthi ya alama ibaki mkononi mwa masika. Na kabla mwanafunzi wa mwaka wa nne hajaruhusiwa kuchora chochote kipya, apewe kifaa kilichoachwa na waliomtangulia, akikarabati. Nadhani vyuo vingi vitakuta stoo zimejaa, na wenye vifaa hivyo hawajulikani waliko. Hilo lenyewe lingekuwa somo la mwezi mzima.

Kwenye jopo akae fundi baiskeli. Sisemi kwa mzaha. Kifaa kiharibiwe makusudi mbele yake, apewe spana namba 14, koleo na nyundo, atazamwe. Akitengeneza, alama. Akisema spea hii haipo Kariakoo, alama zitoke. Mtahini wa nje anayetaka hesabu atazikuta za kutosha: kitovu cha uzito cha kiti kinachoteremka mtaro, uchovu wa chuma kwenye kiungo cha kuchomelea, mgandamizo wa ngozi chini ya mfupa wa kalio. Huo ni uhandisi mgumu kuliko kifimbo cha gemu. Mwenye shaka ajaribu kusanifu kigurudumu cha mbele kisichozama mchangani na kisichotikisika kikiwa kwenye lami, kwa bei ya kilo tatu za nyama.

Sheria haituzuii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unaitaka nchi ifanye au kuhimiza utafiti wa vifaa saidizi vya bei nafuu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya hali yake. Uhitaji nao hauna ubishi: ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilisema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Kwa jirani na jirani, sensa ya watu ya Tanzania ya 2022 ilipata kuwa asilimia 11.2 ya watu wana ulemavu, wakati ya Kenya ya 2019 ilipata 2.2. Magoti ya Taveta, ng'ambo ya mpaka Kenya, hayawezi kuwa mazima kiasi hicho kuliko ya Holili, upande wetu. Tofauti iko kwenye swali lilivyoulizwa na nani alihesabika, na injinia anayetaka kujua soko lake aanze kwa kulishangaa pengo hilo kabla ya kuandika sentensi ya "utafiti unaonyesha".

Mwaka jana nilipita Vingunguti. Mzee bado yupo, shikamoo yangu aliipokea kwa jina, na chai ililetwa. Mota za waipa aliziuza zamani. Alinipa taarifa hiyo kama mtu anayerudisha chenji. Ana kiti kingine sasa, cha msaada, kinachopita mlangoni. Kigurudumu cha mbele cha kushoto kilivunjika, akapelekewa fundi wa maguta pale njia panda, naye akafunga kigurudumu cha toroli la sokoni, na kwa kuwa ni kikubwa kidogo akaweka washa tatu, zile pete za nati, upande wa pili kusawazisha. Zilipungua. Kiti kinavuta kulia.

Nilimuuliza fundi kama anajua kosa liko wapi. Alijua, kwa milimita. Alichokosa ni bomba la kukata na mtu wa kumshikia upande mmoja. Nilimuuliza kama kuna mwanafunzi wa uhandisi amewahi kuja kukaa hapa kwake. Akasema wanakuja sana, kujaza upepo.

Mzee alitusindikiza mpaka barabarani. Anasukuma gurudumu la kulia mara mbili, la kushoto mara moja, kulia mara mbili, kushoto mara moja, na mwili ameshauzoesha kuegemea upande, ndipo kiti kinyooke.